Bwana Sori na Mpunga wa Kalisti

Kambi ya Barabara, Katumba
Jumapili, 6 Julai 1975

Dada Theopista,

Nipo. Mgongo unauma na viganja vimekuwa magome, lakini nipo. Barabara yetu imeingia maili saba msituni na ndorobo wanatung'ata mpaka kwenye kope. Nakuandikia leo kwa sababu Jumapili hatushiki sururu.

Nataka nikuchekeshe. Msimamizi wetu mkuu ni Mwingereza mmoja mrefu, Mista Haroldi, lakini kambi nzima tunamwita Bwana Sori. Sori ni neno la Kiingereza. Unajua mimi niliishia darasa la nne na Kiingereza changu ni cha kuhesabu hadi ishirini, ila neno hili nimelijua kwa kulisikia kutwa.

Akikukanyaga anasema sori. Nikadhani basi ni samahani. Kesho yake nilikwenda kumwambia kwamba toroli limevunjika gurudumu, akaniinamia akasema, "Sori?" Nikamjibu, "Haidhuru, bwana, si wewe uliyelivunja." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe hakusikia, alitaka niseme tena.

Kuna mama Mrundi anayetupikia, Thacienne. Mtoto wake alipofariki, Bwana Sori alikwenda akavua kofia, akasimama mlangoni pake, akasema sori kwa sauti ndogo sana. Hapo ilikuwa pole, na ilikuwa pole ya kweli maana macho yake yalikuwa mekundu. Ukimwomba ruhusa anatikisa kichwa: sori. Hapo ni hapana. Akitaka umpishe njia: sori. Akitaka kukwambia kazi yako mbovu anaanza na sori, kama mganga anavyopaka spiriti kabla ya sindano. Na juzi tulifika kwenye daraja la magogo lililooza, akaliangalia, akamwambia karani kwamba hilo ni daraja sori. Nyapara wetu Nkwabi, Msukuma mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko barabara, akauliza, "Sasa anaomba radhi mpaka kwa magogo?" Karani akatueleza kwamba hapo maana yake ni kitu duni, cha kusikitisha.

Nimelipenda neno hilo, dada. Kwetu samahani ni kazi, na radhi ni kazi kubwa zaidi, inataka mtu asimame na watu wakusanyike. Lake ni jepesi. Analibeba kwenye mfuko wa shati, analitoa huku anatembea.

Kaka Kalisti hajambo? Na shemeji Josefina, bado yuko kwao Kasokola? Ni miaka miwili sasa tangu ndege walipomaliza mpunga wa kaka, naye akamrudisha mkewe kwa baba yake. Nilidhani hasira ya mtu mzima haizidi msimu mmoja. Niambie.

Mdogo wako,
Melkior


Usevya
27 Julai 1975

Mdogo wangu Melkior,

Barua yako ilipanda lori la Apolinari, ikalala Sitalike siku tano kwa sababu ya springi, ikafika inanuka dizeli. Nimeisoma kwa sauti kibarazani kama siku zote, maana kaka yako hasomi, na majirani wakisikia karatasi inafunguliwa hawangoji kuitwa. Walicheka sana. Mama Dafrosa sasa akinyimwa chumvi anasema, "Leo nimepigwa sori."

Mimi nimecheka, halafu nikabaki na swali. Sisi mtu akijikwaa tunamwambia pole, ingawa jiwe hatukuliweka sisi. Tukiliweka sisi, tuna maneno mengine. Huyo mzungu akisema sori, aliyejikwaa atajuaje nani kaliweka jiwe?

Sasa la kaka. Nilipofika pale ulipomtaja Josefina, aliinuka akaenda kumwagia ng'ombe maji, na ng'ombe walikuwa wameshakunywa. Amewaambia wazee kwamba ikifika sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, atamwingiza ndani mwanamke kutoka kijiji cha Mamba. Padre amekataa kabisa, kasema ndoa ya kanisani haivunjwi na ndege. Kaka kamjibu kwamba padre halimi mpunga. Huyo wa Mamba akishaingia, Josefina hatakanyaga hapa tena, namjua. Na Romana, binti yao, yuko kwangu, amefika miaka mitano. Juzi ameniuliza kama mama yake ni mrefu au mfupi.

Ndugu yangu, wewe ulikuwepo siku ile. Wewe ndiye uliyesema ulifika mchana kupokea zamu ukakuta shemeji hayupo na ndege wameshamaliza shamba. Josefina mpaka leo anaapa kwamba alikuona njiani, akakuachia zamu ndipo akaondoka. Sikulaumu, ulisema ulichokiona. Mwaka ule tulikula mizizi, na kila mtu alitaka wa kumlaumu. Nauliza tu, una hakika?

Dada yako,
Theopista


Kambi ya Barabara, Katumba
24 Agosti 1975

Dada,

Barua hii isome peke yako. Usiifungue kibarazani.

Nimeianza mara nne. Mara ya kwanza niliandika kwamba nasema sori juu ya mambo ya shemeji, nikaweka nukta, nikajiona nimemaliza. Nilipoisoma nikamwona Bwana Sori anapita na karatasi zake mkononi. Nikaichana.

Sasa nasema. Josefina hakudanganya. Nilidanganya mimi.

Asubuhi ile alikuwa amepanda dungu la kulindia, kombeo mkononi, anaamia ndege wasitue. Zamu yangu ilikuwa mchana. Nilipofika kwenye njia panda aliniona, nami nikampungia mkono: nenda, shemeji, nimefika. Akashuka, akaenda kupika. Mimi sikufika. Kwa Mzee Damiano walikuwa wanambatiza mjukuu, nikasema nikanywe kata moja tu ya pombe kwanza. Nilikunywa nne. Nilipotoka jua lilikuwa limeinama, na shamba lilikuwa linavuma kama mashine ya kusaga. Wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, hata sijui niseme maelfu mangapi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wakaruka wote kwa pamoja, na mabua yakainuka yakasimama wima, maana hayakuwa na kitu tena cha kuyainamisha.

Kaka alipofika uwongo ulinitoka kabla sijauandaa. Nilidhani shemeji atagombezwa jioni moja. Asubuhi yake kaka alimfungia mizigo. Hata pale ningeweza kusema, lori lilikuwa bado halijaondoka. Sikusema. Wiki iliyofuata nikaja huku, nyie mkadhani nimefuata mshahara.

Na kuna jingine. Kutoka hapa mpaka Kasokola mtu anatembea akafika. Sijaenda hata mara moja. Mwezi wa nne nilikwenda sokoni Mpanda kununua sabuni, nikamwona shemeji ameketi anauza karanga. Amekonda. Nilijificha nyuma ya magunia ya dagaa mpaka akaondoka, nikarudi kambini bila sabuni.

Nimemwambia Nkwabi habari hizi tukiwa tunakoroga zege. Akasema, "Nyie wala mpunga mna akili ya hao hao ndege. Mimi ng'ombe wangu akila shamba la mtu, nakwenda mwenyewe nasimama pale pale penye kwato. Wewe unatuma karatasi?"

Dada, natuma karatasi. Mwambie kaka. Wewe unajua kumwingia, mwambie polepole, siku ameshiba. Na huyo wa Mamba asije.

Melkior


Usevya
14 Septemba 1975

Melkior,

Barua yako ilinikuta nimelala na homa, sijui kama ni usiku au mchana. Apolinari akampa Yotham, mwalimu wa elimu ya watu wazima, na Yotham unamjua, kwake karatasi yoyote ni ya darasa. Akaifungua kibarazani kwa kaka. Watu walikuwa kumi na wawili. Lile la "isome peke yako" alikuwa ameshalipaza ndipo akalielewa. Akaishusha karatasi, akamtazama kaka.

Kaka akasema, "Endelea. Kwangu hakuna barua ya pembeni."

Akaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye sabuni. Wanasema hakuna aliyetikisika. Mzee Damiano tu ndiye aliyesema, "Ni kweli alikunywa kwangu. Lakini hazikuwa nne, zilikuwa sita."

Kaka alichukua jembe akaenda kulima mahali ambapo hapalimwi mwezi wa tisa. Alilima siku mbili. Siku ya tatu alipanda lori kwenda Kasokola, nami nilimfungia kuku wawili wa kumpelekea mkwewe. Juzi amerudi. Amerudi peke yake, na kuku wale wale.

Hasemi alichoambiwa. Habari ya Mamba hajaifuta. Wazee wa yule binti wametuma mtu kuulizia siku, kaka kawajibu, "Ngojeni." Siku ya Watakatifu Wote haingoji.

Mimi nina hasira na wewe ambayo bado sijaipatia mahali pa kuiweka. Nilimlea Romana miaka miwili nikimwambia mama yake amesafiri. Lakini umesema, na wako wengi wanaozikwa na lao. Ila usijidanganye, barua si mdomo. Unaijua desturi. Mwenye kinyongo hushika kibuyu cha maji yenye unga, akasema yote yaliyomo moyoni, akayatema, na kinyongo kikatoka nayo. Lakini anamtemea mtu. Karatasi hawezi kuitemea.

Theopista


Kasokola
21 Septemba 1975

Shemeji Melkior,

Mkono huu ni wangu mwenyewe. Nilijiandikisha darasa la watu wazima mwezi ule ule niliorudishwa hapa, kwa sababu siku ile nyie mlikuwa na maneno na mimi nilikuwa na machozi tu. Herufi zangu ni kubwa, vumilia.

Kaka yako alikuja na kuku wawili. Akanieleza barua yako ilivyosema. Halafu akasimama katikati ya ua wa baba akasema, "Pole, mama Romana." Nikamwambia pole huambiwa aliyeanguka. Mimi sikuanguka, nilisukumwa. Lori lilipopiga honi akaondoka na kuku wake.

Hiyo ya sokoni na mimi ninayo. Nilikuona. Miguu yako ilionekana chini ya magunia. Nilikungoja utoke. Nilipanga karanga zangu mafungu, nikayavunja, nikayapanga tena. Nilipochoka ndipo nikaondoka.

Sitaki barua nyingine ya kueleza. Nataka uende Usevya, usimame pale pale shambani uliposemea uwongo, mbele ya watu wale wale waliousikia, useme kwa mdomo wako. Na mimi nitakuwepo, baba atanisindikiza. Iwe kabla ya Watakatifu Wote. Baada ya hapo nyumba ile itakuwa na mtu, na mimi siendi kusafishiwa jina mlangoni kwa mwanamke mwingine.

Usije na zawadi.

Josefina


Kambi ya Barabara, Katumba
5 Oktoba 1975

Shemeji Josefina,

Sielezi. Nakujibu tu.

Nilikwenda kwa msimamizi wetu nikaomba siku kumi. Akasema sori, mvua iko karibu na makalvati manne ya kupitishia maji hayajafukiwa. Ikabidi nimwambie yote, ndege, pombe, wewe. Karani alitafsiri akiona haya kana kwamba ni yeye aliyefanya. Mzungu akavua kofia, akakaa nayo mapajani. Kisha akasema tena sori. Nikamuuliza karani, "Hii sasa ni ipi, pole au hapana?" Karani akasema, "Zote mbili. Anasikitika, na ukiondoka nafasi yako anapewa mwingine."

Sikumchukia. Amenyoosha maneno yake, na mimi nilikuwa sijawahi kunyoosha yangu. Nkwabi amesema, "Kazi ya sururu haijawahi kumkosa mtu mwenye mgongo. Nenda, mla mpunga." Ndiyo baraka niliyoipata kambini.

Jumamosi tarehe 18 nitakuwa Mpanda, pale malori yanapopakia. Apolinari anaondoka saa moja asubuhi na chumvi. Wewe na mzee mkae mbele, mimi nitakaa juu ya magunia. Safari hii nitakaa pa kuonekana.

Melkior


Usevya
21 Oktoba 1975

Nkwabi, mla michembe ya viazi,

Beleshi langu mpe yule Mrundi mpya, ana mikono mirefu. Lile blanketi mpe Thacienne. Nakueleza yaliyotokea kwa sababu uliniambia nikinyamaza utakuja na ng'ombe wako.

Jana saa nne asubuhi tulikwenda shambani. Mwezi huu ni udongo mtupu, umepasuka nyufa za kuingiza mguu. Walikuja wote, hata waliokuwa wagonjwa siku ile ya uwongo walidai na wao wasikie. Nilisimama katikati. Nikaanza kwa sauti ya chini, mama mmoja anayeitwa Mama Dafrosa akapiga kelele, "Paza! Siku ile ulipaza!" Nikapaza. Nilisema kata sita, si nne. Nilisema kwamba shemeji alinipisha zamu, kwamba nilimpungia mkono, kwamba niliuona mzigo wake unafungwa na nikatazama pembeni. Hakuna aliyenisaidia hata neno, Nkwabi. Ni mbali kuvuka shamba dogo namna hiyo.

Kisha Josefina akashika kibuyu. Alisema kwa muda mrefu kuliko misa ya Pasaka. Alisema hata mambo niliyosahau, kwamba asubuhi ile alikuwa ameniwekea viazi kwenye jani chini ya dungu ili nisilinde na njaa. Sikuwahi kuviona kwa sababu sikufika. Hapo ndipo nililia. Akanywa maji, akayatema kifuani kwangu mara tatu. Yalikuwa ya baridi, na unga ukaganda kwenye shati. Akasema, "Wewe nimemaliza."

Watu wakaanza kuinuka, wakidhani imekwisha. Hakuwa amekiweka kibuyu chini. Akamgeukia kaka.

"Na wewe, baba Romana?"

Kaka akasema, "Mimi nilidanganywa kama wengine."

"Jioni ile mdogo wako alikulilia begani. Alikuwa na kata sita tumboni. Pua yako ilikuwa wapi?"

Kaka yangu ni mtu mkubwa, unaweza kumfunga jembe la ng'ombe. Nilimwona anapungua. Alitazama nyufa za udongo, kisha akasema, "Nilisikia pombe. Nilijua."

Nkwabi, hata mimi sikujua kwamba alijua. Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Alifikiri mke hutafutwa akapatikana mwingine, lakini ndugu wa kiume wa tumbo moja anaye mmoja, na akimwaibisha mbele ya watu hatampata tena. Basi akachagua. Na kila mwezi uliopita ukafanya kurudi nyuma kuwe kugumu zaidi, mpaka akatafuta wa Mamba ili jambo lifungwe.

Josefina alikiweka kibuyu chini, maji bado yamo. Akamwambia, "Ya kwako sijayanywa." Mchana akaondoka na baba yake kwa lori lile lile. Romana alimshika kanga hakumwachia. Kaka akamnyanyua mtoto mwenyewe, akampandisha kwa mama yake.

Sirudi huko. Hapa kuna mashimo ya kutosha kufukiwa. Nisalimie Bwana Sori, mwambie alinivulia kofia na nilimwona.

Melkior


Usevya
26 Oktoba 1975

Mama Romana,

Ni mimi Kalisti. Mshika kalamu ni Melkior, maana Yotham sitaki tena kumwona na karatasi.

(Shemeji, kaka ameniamuru niandike kila anachotamka, hata akikohoa. Naandika.)

Nilikutoa nyumbani huku najua. Nimelisema shambani, nalisema tena kwenye barua ili mwalimu wako akusomee. Aa, unasoma mwenyewe. Nilisahau. Melkior, futa hapo.

(Sikufuta.)

Jumatano nilikwenda Mamba kwa miguu yangu. Niliwaambia wazee wa yule binti kwamba sina nyumba ya kumweka, kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Mama yake alinitukana tangu mlangoni mpaka barabarani, na kila tusi lilikuwa la kwangu. Kwa hiyo siku ya Watakatifu Wote hakuna anayeingia hapa. Hata usiporudi, hakuna.

Nilipokuja na kuku nilikwambia pole. Nimeifikiria sana ile pole. Nilitaka uichukue haraka kabla hujaniuliza. Melkior ananishawishi hapa niweke lile neno la mzungu wake, kwamba linafanya kazi nyingi. Nimelikataa. Hilo ni neno la mtu anayepita njia. Mimi sipiti. Mimi nataka kukaa, na wa kunikaribisha ni wewe.

(Kaka ameinuka, amekaa tena. Anakuna mguu. Sasa anaendelea.)

Nilikukosea, Josefina. Si ndege, si pombe, si Melkior. Mimi. Sikuombi urudi, maana nikikuomba nitakuwa nimekupa mzigo mwingine wa kukataa. Nakuomba uniambie nifanye nini. Kama ni kazi ya aibu, iwe ya aibu. Ukiniita nitakuja.

Kalisti

(Ameweka kidole gumba mwenyewe. Wino umemwagika kidogo.)


Kasokola
2 Novemba 1975

Baba Romana,

Nimeisoma mwenyewe, mara mbili. Mwambie mshika kalamu mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu, na darasa la Kasokola bado linaandikisha.

Romana hajambo. Ameshanipima, anasema mimi ni mrefu kuliko shangazi. Ananiuliza kila asubuhi lori linapita lini, nami nimechoka kumjibu sijui.

Maji yako bado sijayatema, na sikwambii nitayatema lini. Pengine ni mwezi huu, pengine ni mpunga ukishaiva. Hilo ni langu. Lakini mwezi ujao watu wanapanda, na sitaki kupanda mpunga wa baba yangu mara ya tatu.

Kwa hiyo njoo. Usitume mtu, njoo wewe. Usilete kuku. Nina kinu changu hapa, kile cha mninga alichonichongea babu, na mchi wake. Siku uliponirudisha nilikibeba kichwani kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye lori, na Usevya nzima ilitoka kunitazama. Nasikia mvua hii ya kwanza imekata barabara na Apolinari anashusha watu Kibaoni. Vizuri. Tutashuka Kibaoni siku ya soko, mchana, na kutoka hapo mpaka nyumbani kinu utakibeba wewe. Kichwani. Watu watacheka, Mama Dafrosa atakuwa wa kwanza, na ukisikia kizito usikitue mpaka nikwambie.

Mimi nitatangulia na Romana, mikono mitupu, nikimsalimia kila mtu kwa jina lake.

Josefina